Kipande Kitangulie, Mtoto Afuate

Mzazi wa Ngara aonaye uvimbe katika paja la mwanawe hudhani ni jipu. Hukanda kwa maji ya moto na kungoja. Usipotumbuka humpeleka mtoto Murgwanza au Rulenge. Mwenziwe wa Biharamulo huenda hospitali ya wilaya. Hapo ndipo taabu yenyewe huanza, maana jicho la daktari, hata likiwa hodari namna gani, haliwezi kuitaja saratani kwa jina lake.

Saratani za tishu laini, yaani misuli, mafuta na mishipa, ni jamii kubwa. Chini ya hadubini, nyingi katika zile za watoto hufanana kama punje za ulezi. Kinachozitenga ni vinasaba. Katika aina moja ya rabdomiosakoma, saratani ya misuli, kipande cha kromosomu ya 2 huungana na cha kromosomu ya 13. Mtoto mwenye muungano huo ana ugonjwa mkali zaidi, naye hupangiwa tiba nzito kuliko mwenzake asiye nao. Katika fibrosakoma ya watoto wachanga huungana kromosomu za 12 na 15. Na kwa muungano huo iko dawa, larotrectinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, iwezayo kuupunguza uvimbe na kuuokoa mguu usikatwe. Bei yake ni habari nyingine, nayo yatuudhi.

Wako wasemao kwamba haya ni anasa ya mataifa tajiri. Sisi hatukubali. Madaktari wa Muhimbili, pamoja na wenzao wa Oxford, wamekwisha kufanya utafiti wa kupima vinasaba katika damu ili kuitambua saratani ya Burkitt kwa watoto na vijana. Nchi iliyotangaza vita juu ya maradhi tangu uhuru haiwezi kuishia Dar es Salaam.

Kinachotakiwa wilayani si mashine. Ni sindano ya kuchukulia kipande, fomalini iliyochanganywa sawasawa, na mtu wa kukipeleka upesi. Fomalini iliyogeuka asidi huviharibu vinasaba, na uvimbe uliokatwa ukatupwa hausemi lolote. Kipande kilichohifadhiwa katika nta hudumu miaka. Chaweza kutangulia Bugando, au mbali zaidi, bila kudai nauli wala chakula cha njiani. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa kungoja kivuko. Basi sampuli nayo isikae dirishani wiki mbili ikingoja gari.

Twazitaka Halmashauri za Ngara na Biharamulo zitenge fungu la kazi hiyo. Twaitaka pia Wizara ya Afya itamke wazi nafasi ya kipimo hiki chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Nao mabalozi wa mashina, ambao hupita kila nyumba, wawaambie wazazi: uvimbe unaozidi kukua wiki baada ya wiki, hata kama hauumi, si wa kukandwa.