Je, Wajua? Jina la Ngorongoro ni Mlio

Tuanze na jina lenyewe. Maelezo yanayosimuliwa zaidi kuhusu neno Ngorongoro ni kwamba linaiga kengele ya ng'ombe: ngoro, ngoro, ngoro, mifugo ya Wamasai ikiteremka malishoni. Litamke polepole na utaisikia. Kwa hiyo kreta ile yenye kina cha mita 600 hivi na eneo la kilomita za mraba 260 hivi, ambayo dunia nzima huja kuitazama, imepewa jina na masikio. Leo safu hii inazungumzia hadithi za kusikiliza na watoto wa shule za msingi, na sijui mahali panapofaa kuanzia kuliko hapo.

Je, wajua kwamba mtoto wa Mang'ola, kandokando ya Ziwa Eyasi wilayani Karatu, anaweza kwenda gulioni kununua vitunguu akasikia lugha za familia zote nne ambazo wanaisimu wa karne ya 20 waliligawia bara la Afrika? Kuna Kiiraqw, ambacho ni Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali. Kuna Kidatoga na Kimasai, vya Kiniloti. Kuna Kiswahili, Kibantu chetu. Na kuna Kihadzabe, lugha ya vidoko, ambayo zamani iliwekwa kapu moja na lugha za vidoko za kusini mwa Afrika. Siku hizi wataalamu wengi wanaona haina ndugu yeyote anayejulikana. Mtoto huyo akiingia darasa la kwanza, karibu masomo yote ni kwa Kiswahili. Tunamdai KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, katika lugha ambayo pengine masikio yake hayajaizoea. Ndiyo maana hadithi ya kusikiliza si anasa kwake. Sikio hutangulia jicho.

Na sikio lina kwao. Katika vilima vya karibu na Ziwa Eyasi yuko mlembe, ndege anayewaongoza watu kwenye mzinga wa nyuki. Mhadzabe humwita kwa mluzi wenye kibwagizo. Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji nao wana mlembe wa aina hiyo hiyo, lakini wao humwita kwa mtetemo wa ulimi unaomalizikia kwa mguno, kama "brrr-hm". Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Claire Spottiswoode na Brian Wood waliojaribu kubadilisha miito. Walipiga rekodi ya mwito wa Wahadzabe na ya Wayao katika nchi zote mbili. Mlembe wa Tanzania aliitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao. Yule wa Msumbiji alikataa kudanganywa vilevile, akapendelea mwito wa kwao karibu mara mbili. Ndege anajifunza lafudhi ya wenyeji wake! Anayetunga kipindi cha redio Dar es Salaam kwa ajili ya watoto wa huku, kama wa Endabash au Nainokanoka, angefaa kumkumbuka huyu mlembe: simba akinguruma katika hadithi, watoto hawa wanajua simba wa kweli anavyonguruma, na watacheka wakisikia wa kuigiza.

Sasa twende Zanzibar, kwani huko ndiko hadithi za kusikiliza za watoto zilikotengenezwa kwa mpango. Kuanzia mwaka 2006, Wizara ya Elimu ya Zanzibar na shirika la EDC la Marekani walitengeneza vipindi vya redio vilivyoitwa Tucheze Tujifunze, kwa watoto wa awali na madarasa ya kwanza. Ndani yake mlikuwa na hadithi, nyimbo, michezo na hesabu. Lakini siri yake haikuwa katika yaliyosemwa. Mtangazaji anauliza, "Mwanaidi ana maembe matatu, akapewa mawili, anayo mangapi?" halafu ananyamaza. Sekunde chache hewani hakuna kitu. Watoto wanapiga kelele: "Matano!" Redio inasema, "Ndiyo, matano," kana kwamba imewasikia.

Kunyamaza huko kulipimwa kwa makini. Mbinu hiyo, inayoitwa redio shirikishi, ilianza kujaribiwa Nicaragua mwaka 1974 kwa somo la hisabati, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford wakishirikiana na serikali ya huko. Kenya iliichukua katika miaka ya 1980 kufundishia Kiingereza, na Zambia ikaanza kuitumia mwaka 2000 kwa watoto wasio na shule. Ukimya ukiwa mfupi mno, mtoto mzito anaachwa. Ukiwa mrefu, darasa linaanza kurushiana chaki.

Wataalamu waliandika ripoti nyingi. Nami huwa natabasamu, kwa sababu bibi yeyote wa pwani angewaambia bure. Anasema "Paukwa!" na kutulia. Wajukuu wasipojibu "Pakawa!", hadithi haianzi. Katikati akimwona mmoja anasinzia, anaingiza swali au kiitikio, na usingizi unakimbia. Redio iliyojaa maneno mwanzo hadi mwisho, hata iwe na muziki mtamu kiasi gani, inamfanya mtoto msikilizaji wa khutuba. Ninayoitaka mimi ni ile inayomwachia nafasi.

Wakubwa nao hawakuachwa nyuma. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili, na vyoo vilichimbwa kila kona ya nchi. Mchezo wa redio Twende na Wakati ulipoanza mwaka 1993, masafa ya Dodoma yaliachwa bila mchezo huo hadi mwaka 1995, makusudi, ili watafiti walinganishe. Waliomsikiliza Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, walionekana kutumia uzazi wa mpango kwa wingi zaidi kuliko wa Dodoma.

Na zile hadithi za hedifoni, ambazo sauti zake hukuzunguka, ukasikia fisi nyuma ya kisogo? Hazikuja na simu janja. Mwaka 1881, katika maonyesho ya umeme mjini Paris, Clément Ader alipeleka muziki wa jumba la opera kwa waya za simu, mtu akishika visikizi viwili, kimoja kila sikio, na watu wakashangaa kusikia mwimbaji akihama upande mmoja kwenda mwingine. Mwaka 1933 maabara za Bell zilionyesha mjini Chicago sanamu iliyopewa jina Oscar, yenye maikrofoni karibu na masikio. Siri ni ndogo: sauti inayotoka kulia hulifikia sikio la kushoto ikiwa imechelewa, kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ubongo huutumia ucheleweshaji huo kujua fisi yuko upande gani. Ila ujanja huu unadai hedifoni kwa kila mtoto. Darasa la watoto sitini na redio moja dirishani haliwezi, na nisingemlaumu mwalimu mkuu akinunua madawati kwanza.

Lipo jambo ambalo mwalimu huyo hahitaji kulinunua: hadithi ya jirani yake. Kusini mwa Bonde la Oldupai ndipo ilipo Laetoli. Mwaka 1976 wanasayansi waliokuwa wakimtembelea mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey walikuwa wakirushiana vinyesi vya tembo kwa mchezo. Mmoja wao, Andrew Hill, alianguka akikwepa, na pua yake ikawa karibu na ardhi yenye alama za matone ya mvua na nyayo za wanyama. Miaka miwili baadaye ndipo zikapatikana nyayo za viumbe waliotembea wima kama sisi, zikifuatana kwa mita 27 hivi katika jivu la volkano lililoganda miaka milioni 3.66 iliyopita. Watu husimulia nyayo. Mimi hushikwa zaidi na ile mvua: manyunyu yale yaliacha vijishimo vyake, na vipo hadi leo.

Hadithi hiyo ina kila kitu cha darasa la nne kurekodi. Volkano inatoa jivu: tikisa kipande cha bati kwa ngurumo. Kanga wanapita, maana nyayo zao nazo zipo Laetoli, na kila mtoto wa Karatu anajua kuwaiga. Hatua juu ya jivu lililolowa: finyanga taratibu unga wa mahindi ndani ya soksi. Mvua ni choroko zikizungushwa kwenye ungo. Halafu simu ya mwalimu ya kurekodia, na mtoto mmoja wa kuuliza, "Unadhani walikuwa wanakwenda wapi?" na kunyamaza.

Mwalimu unayesoma hapa, jaribu wiki hii. Ila choroko na unga virudi jikoni kabla wenyewe hawajaulizia.