Simu yako nayo huingizwa mjini!

Haya msomaji wangu, juzi nilikuwa ndani ya basi, Kasulu kwenda Kibondo. Jamaa wa siti ya pembeni alikuwa amekodolea macho kidoti cha buluu kwenye simu yake. "Hapa hatupotei, satelaiti haisemi uongo," akanitambia.

Sawa, bwana. Lakini simu itajuaje kuwa inayosema ni satelaiti kweli?

Satelaiti za GPS ziko kama kilomita 20,200 juu. Mawimbi yake yakifika huku chini yameshachoka. Tapeli mwenye mtambo jirani akipaza mawimbi ya kughushi, simu inamsikiliza yeye! Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas waliijaribu hila hiyo Mediterania, kwenye meli ya kifahari. Meli ikapinda, huku mitambo ikionyesha imenyooka!

Usidhani ni mambo ya Wazungu tu. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulilalamika kuwa mawimbi ya GPS yanavurugwa na kughushiwa Kivu Kaskazini, hapo Kongo, na ndege zinahatarishwa. Na hapa kwetu LATRA hufuatilia mwendo wa mabasi kwa mawimbi hayo hayo.

Dawa je? Tuseme shangazi yuko Kibondo, wewe Kasulu. Asubuhi anakutumia barua kwa basi. Chini ameandika namba alizopata kwa kupiga hesabu ya maneno ya barua pamoja na neno la siri. Neno lenyewe linakuja na basi la jioni. Ukilipata, nawe unapiga hesabu. Namba zikilingana, barua ni ya shangazi. Tapeli wa asubuhi angeghushije, na neno bado analo shangazi? Barua itakayokuja neno likishatoka, itupe!

Satelaiti za Galileo za Ulaya hufanya hivyo, ila neno hufuata baada ya sekunde 30 hivi. Huduma ilizinduliwa rasmi Julai 24, 2025, tena bure. GPS ya kawaida ya raia haina muhuri huo.

Kaa chonjo lakini: muhuri hauzuii mtu kuyafunika mawimbi kwa kelele, na chombo kisichojua kuukagua hakifaidiki nao. Ukinunua, muulize muuzaji.

Nilimweleza jamaa yote hayo. Akanyamaza, kisha akachungulia dirishani kusoma kibao cha barabarani.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.