Mgonjwa wa Uvimbe wa Ubongo Arudipo Nyumbani Baada ya Mionzi

Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 tu katika kila 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika kila 100 za oksijeni ya mwili uliopumzika. Chakula chake kikubwa ni sukari iletwayo na damu, wala hauna ghala la kutosha la kuiwekea akiba. Kwa hiyo mishipa midogo ya damu kichwani ikipata madhara, akili ya mtu hubadilika.

Uvimbe mkali uitwao glioblastoma kwa kawaida hupigwa mionzi mara 30 katika wiki 6. Kipimo hugawanywa hivyo ili chembechembe zisizo na ugonjwa zipate nafasi ya kujitengeneza. Hata hivyo mishipa huweza kuvuja na ubongo kuvimba. Wiki kadhaa baada ya tiba kwisha, mgonjwa huenda akasinzia mchana kutwa, akasahau chungu motoni, au akakosa hamu ya mazungumzo. Hapo jamaa huanza kunong'ona: uvimbe umerudi, amekuwa mvivu, amerogwa.

Si lazima iwe hivyo. Hata picha za hospitali huwachanganya mabingwa, maana sehemu iliyoharibiwa na mionzi hufanana sana na uvimbe uliorudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Giovanni Di Chiro na wenzake huko Bethesda, Marekani, walitumia sukari iliyotiwa alama ya mnunurisho. Uvimbe ulio hai huila kwa pupa. Sehemu iliyokufa haiili. Kasoro ni kwamba ubongo wenyewe ni mlafi wa sukari, na uvimbe mdogo huweza kujificha humo.

Wako wanaosikia habari hiyo wakamnyima mgonjwa sukari, ati uvimbe ufe njaa. Ni kazi bure, kwani ini hutengeneza sukari lenyewe. Lililo muhimu zaidi ni vidonge vya deksamethasoni, vinavyopunguza uvimbe wa maji kichwani. Hivyo hupandisha sukari ya damu, kwa hiyo ipimwe. Wala visiachwe ghafla bila amri ya daktari.

Maumivu ya kichwa yanayozidi pamoja na kutapika, kifafa, au udhaifu wa upande mmoja havingojei siku ya miadi: mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Usingizi na usahaulifu viandikwe daftarini, pamoja na tarehe vilipoanza, daktari apate kuvilinganisha na siku ya mwisho ya mionzi.