"Mama, Nichore!"

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka sita aliponijia na ombi hilo. Nilikuwa napiga pasi, nami nilimjibu kama wanavyojibu wengi wetu: "Mama hajui kuchora."

"Kwani hukufundishwa?" akauliza.

Kusema kweli, nilijaribu zamani. Nikiwa darasa la tano nilimchora bibi yangu akipepeta mchele. Mwalimu aliinua karatasi yangu juu na kuliuliza darasa zima kama yule ni mtu au mti. Walicheka sana. Tangu siku ile penseli yangu ikawa ya kuandikia mahitaji ya sokoni tu. Bibi alifariki, na leo sina picha yake hata moja.

Swali la mtoto lilinichoma. Jioni ile nilianza upya, na haya ndiyo niliyojifunza. Huenda yakakufaa nawe, mama mwenzangu.

Usianze na macho

Wengi tunaoanza hukimbilia uso. Tunachora jicho kwa uangalifu, kisha kope, kisha pua. Tukifika miguuni karatasi imekwisha, na mwili unaning'inia kama nguo kwenye kamba.

Anza na mkao wote. Mtazame mtu kwanza, ujiulize: Anafanya nini? Mgongo umepinda wapi? Uzito ameuweka mguu gani? Chora mstari mmoja mwepesi kutoka kichwani hadi kwenye mguu unaobeba uzito. Kisha weka mstari wa mabega na mstari wa nyonga. Mtu akisimama kwa kuegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda, na mara nyingi bega la upande huo hushuka. Ukiikamata mishazari hiyo miwili, mtu wako ataonekana amesimama kweli.

Jipe dakika moja tu kwa kila mchoro, kisha anza mwingine. Michoro kumi ya haraka itakufundisha zaidi ya mmoja uliofutwafutwa jioni nzima. Penseli laini na karatasi zilizotumika upande mmoja zinatosha. Kifutio kiweke mbali kwanza.

Pima kwa kichwa

Kipimo kizuri ni kichwa cha mtu mwenyewe. Urefu wa mtu mzima ni kama vichwa saba na nusu. Mtoto wa mwaka mmoja ni kama vichwa vinne, na wa miaka mitatu ni kama vitano. Ndiyo maana ukimchora mtoto kwa vipimo vya mtu mzima, anatokea kama mzee mfupi! Macho nayo hayako juu ya uso kama tunavyodhani, bali katikati ya kichwa, kati ya utosi na kidevu.

Hata hivyo, jicho lako liwe juu ya kipimo. Mtoto aliyeketi mkekani amekunyooshea miguu, miguu hiyo itaonekana mifupi sana. Ichore mifupi. Akili itakuambia kwamba mguu ni mrefu, lakini wewe chora unachokiona.

Wa kuchorwa wamo nyumbani

Huhitaji mtu wa kukaa mbele yako saa nzima. Mtoto akilala, hatikisiki. Mume akisoma gazeti, jirani akichambua mchicha, wote wanafaa. Wakikosekana, kiko kioo.

Käthe Kollwitz, mchoraji mashuhuri wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1867, alikuwa mke wa daktari na mama wa wavulana wawili. Mwaka 1903, akitengeneza picha ya mama aliyemkumbatia mtoto wake aliyefariki, alijichora mwenyewe kwenye kioo huku amempakata mwanawe Peter, aliyekuwa na miaka saba. Mwaka 1914 Peter aliuawa vitani. Picha ile ingali ipo.

Andika tarehe

Binti yangu hakuweza kutulia hata dakika moja. Nilingoja alale, nikamchora amejikunja, mkono chini ya shavu. Miguu ilitoka mifupi mno na mkono mmoja haukuwa na vidole. Nilitaka kuichana karatasi ile. Lakini baba yake aliporudi kazini aliishika, akaitazama, akasema, "Hivi ndivyo anavyolala."

Basi niliandika tarehe nyuma yake na kuiweka ndani ya albamu. Michoro mingine mingi imefuata, na vidole sasa vimeanza kuonekana.

Nawe usingoje mpaka ujue. Usiku wa leo, vyombo vikishaoshwa na watoto wakishalala, chukua penseli uketi karibu na kitanda. Mkao wanaolala nao leo, mwakani hutauona tena.