Joto la Msimu wa Korosho: Kwa Nini Shati Linanuka na Ndevu Zinatoa Vipele

Kuanzia Oktoba, watu wa kusini tunapokea vitu viwili kwa mpigo: pesa ya korosho na joto. Minada inaanza, malipo yanaingia, na vijana wa Kilambo, Msimbati na Mtwara mjini wanaelekea kwenye mitumba na saluni kujiweka upya. Shati jipya, kichwa kimechongwa, ndevu zimenyolewa mpaka kidevu kinang'aa. Wiki mbili baadaye shati linanuka hata likiwa limetoka kufuliwa, na shingoni kuna vipele vinavyouma ukivigusa.

Hapo lawama inaenda kwa sabuni, au kwa kinyozi. Lakini ukifuatilia sayansi yake, sehemu kubwa ya tatizo iko kwenye uzi wa shati lenyewe na kwenye umbo la nywele zetu. Ukiyaelewa hayo mawili, unaweza kupendeza msimu mzima bila kutumia pesa nyingi. Twende taratibu.

Jua la utosini na hewa iliyoshiba maji

Kilambo, pale mpakani kwenye mto Ruvuma, iko kati ya digrii 10 na 11 kusini mwa Ikweta. Maana yake jua linapita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 21 Oktoba, na tena karibu na tarehe 20 Februari. Siku hizo, saa 6 mchana hivi, kivuli chako kinakuwa miguuni pako. Kofia ya kapelo hapo inakinga paji la uso tu, masikio na shingo vinabaki juani. Pama yenye ukingo mpana ndiyo inayofanya kazi.

Joto lenyewe la nyuzijoto 31 au 32 si la ajabu. Hata Dodoma wanalipata. Mbona basi la kwetu linachosha zaidi? Jibu ni unyevu. Mwili unajipooza kwa jasho, ila jasho linalodondoka chini halijakusaidia chochote. Linalopooza ni lile linalokauka juu ya ngozi, kwa sababu maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto la mwili. Lita 1 ya jasho ikikauka yote inachukua takriban kilojuli 2,400, yaani joto linalotosha kuchemsha zaidi kidogo ya lita 7 za maji ya bomba.

Sasa, hewa ya pwani tayari imebeba mvuke mwingi, hivyo jasho linakauka polepole. Dodoma hewa ni kavu, jasho linaondoka kabla hujaliona. Kwa hiyo nguo nzuri kwa Mtwara ni ile inayosaidia mvuke kuondoka. Mengine yote, rangi, kola, mtindo, yanakuja baada ya hapo.

Pana kwanza, rangi baadaye

Wengi tunaamini nguo nyeupe ndiyo suluhisho. Ina ukweli, nyeupe inarudisha mwanga mwingi wa jua. Lakini mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliouliza swali la kuchekesha kidogo: kwa nini Mabedui wanavaa majoho meusi jangwani? Watafiti walipima na kukuta kwamba joto linalofika mwilini lilikuwa sawa, joho likiwa jeusi au jeupe. Joho jeusi lilipata moto zaidi, ndiyo, ila joto hilo la ziada lilipotea kabla halijagusa ngozi, kwa sababu joho ni pana na hewa inapita chini yake.

Wazee wetu hawakuhitaji jarida. Kanzu na msuli vinafanya kazi hiyohiyo: unatembea, nguo inapepea, hewa yenye mvuke inatoka na nyingine inaingia. Ukiangalia kijana aliyevaa suruali ya kubana na fulana ya kubana anasubiri kuvuka Ruvuma juani, yeye amefunga milango yote. Si lazima uvae kanzu kwenda sokoni, kaka. Shati pana la mikono mifupi lisilochomekewa, na suruali nyepesi isiyoshika mapaja, vinatosha.

Uzi unaonuka

Mashati mengi ya mitumba na ya dukani ni poliesta, ambayo ni plastiki ileile ya chupa za maji iliyovutwa kuwa uzi. Poliesta karibu hainywi maji. Katika hewa ya kawaida, kilo 1 ya pamba inabeba takriban gramu 80 za unyevu ndani ya uzi wake, poliesta kama gramu 4 tu. Ila mafuta ya mwili inayapenda na kuyashika.

Harufu inaingiaje hapo? Jasho likitoka halina harufu ya maana. Bakteria wa kwenye ngozi ndio wanaokula vilivyomo kwenye jasho na mafuta, kisha wanatoa kemikali zinazonuka. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliwavalisha watu 26 fulana za pamba, za poliesta na za mchanganyiko, wakawaendeshesha baiskeli kwa saa 1, kisha wakaziacha fulana zikae zaidi ya siku nzima kabla ya kuzinusisha. Fulana za poliesta zilinuka vibaya zaidi. Kulikuwa na bakteria wa jamii ya Micrococcus waliostawi vizuri kwenye poliesta kuliko kwenye pamba.

Pamba nayo ina kasoro: ikilowa sana inachelewa kukauka. Ndiyo maana jinzi nzito ni adhabu Desemba. Tafuta pamba nyepesi, au kitani, au viskosi. Kwa mpira wa jioni jezi ya poliesta yenye matundu haina shida, ila usikae nayo kutwa kwenye bodaboda.

Lebo imekatwa? Chomoa kauzi kadogo pindoni, kashike kwa koleo, ukachome mbali na vitu vinavyowaka. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kijiwe kigumu. Muuza mitumba atakutazama vibaya, kwa hiyo omba ruhusa.

Ndevu zinazorudi ndani

Hapa ndipo penye maumivu ya kweli. Nywele za wengi wetu zimejikunja, na hata tundu zinamoota limepinda. Wembe ukipita unaiacha ncha ikiwa kali kama mkuki. Nywele inaanza kukua, inajikunja, ncha inachoma ngozi na kuingia tena ndani. Ukivuta ngozi wakati wa kunyoa, au ukitumia kinyoleo chenye nyembe nyingi, inakatwa chini ya usawa wa ngozi na kuchoma kutokea hukohuko ndani.

Mwili unaiona nywele hiyo kama mwiba. Unavimba, unatoa kipele, wakati mwingine na usaha. Kwa hiyo kumwagiwa spiriti baada ya kunyoa, pamoja na ule muwasho wote, hakuiondoi nywele iliyokwama. Na ukinyoa tena juu ya vipele ili vipotee, unatengeneza mikuki mipya.

Dawa ya kwanza ni kuacha. Pumzisha ndevu wiki 3 mpaka 4, nywele nyingi zitajichomoa zenyewe zikirefuka. Baada ya hapo nyoa kwa mashine na uache urefu wa milimita 1 mpaka 3. Jeshi la Marekani, lenye masharti makali ya kidevu kisafi, kwa miaka mingi liliwaruhusu wanajeshi wenye tatizo hili kuacha ndevu fupi kwa cheti cha daktari, kabla ya kubana ruhusa hiyo mwaka 2025. Ukilazimika kutumia wembe, lowesha ndevu kwa maji ya uvuguvugu, nyoa kuelekea zinakoota, na usivute ngozi.

Kisogoni nako angalia. Ukinyolewa mpaka mwisho kila wiki, vipele vya pale vinaweza kugeuka vinundu vigumu visivyoondoka. Vikianza, mwone daktari wa ngozi mapema, maana vikishakomaa ni kazi kuvitibu.

Wembe wa nani?

Virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7 na bado vikaambukiza. Kidevu chenye vipele kinatoka damu kirahisi, hata usipoiona. Mashine ambayo haijasafishwa inaweza pia kuhamisha mapunye. Kile kisanduku chenye mwanga wa bluu hakitoshi: mwanga unafika pale tu unapopiga, hauondoi nywele na uchafu uliojificha kwenye meno ya mashine. Nunua wembe wako mpya, ufunguliwe mbele yako. Ukiweza, beba mashine yako. Kinyozi mzuri hakasiriki.

Na vipele vikikuachia madoa meusi, usikubali kuuziwa mkorogo. Krimu nyingi za aina hiyo zina hidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Hidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania, na steroidi inayopakwa kiholela inaifanya ngozi kuwa nyembamba. Madoa hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa, mradi umeacha kuiumiza ngozi.

Kwa hiyo msimu huu

Pesa ya korosho ikiingia, nunua mashati mawili au matatu mapana ya pamba nyepesi badala ya sita ya kubana. Vaa moja siku moja, fua, anika juani. Pata pama. Kwapa lisafishwe kwa sabuni kila siku, manukato yaje baadaye. Ndevu ziache fupi lakini zionekane, zichongwe pembeni kwa mashine. Utapendeza, na mwezi wa Februari, jua likirudi utosini, shingo yako itakuwa bado laini.