Kompyuta ya Kurekodi na Kurusha Michezo: Ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Kijana wa Bariadi anayekusudia kutumia fedha za msimu wa pamba kununua kompyuta ya kurekodi michezo ya video au kuirusha mbashara, anashauriwa kuchunguza kilichomo ndani kabla ya kuvutiwa na ukubwa wa kioo. Mchezo na kazi ya kurekodi hugombania prosesa moja. Hivyo kadi ya grafiki yenye sehemu yake ya kubana video, kama NVENC ya NVIDIA, hupunguza mzigo huo. Memori ya GB 16 na diski ya SSD huwatosha wengi.

Gharama inayosahaulika ni intaneti. Kurusha mbashara kwa megabiti 6 kwa sekunde hutumia takribani GB 2.7 kila saa. Kurekodi, kwa upande wake, hakuli kifurushi: video huhaririwa nyumbani, kisha hupakiwa sehemu fupi tu. Kwa mwenye kipato kidogo, aanzie hapo.

Umeme ukikatika, rekodi ya kawaida ya MP4 yaweza kuharibika yote, ilhali ya MKV huokoka. Programu ya OBS, isiyolipiwa, hutoa nafasi ya kuchagua. Anayenunua kompyuta iliyokwishatumika ajaribu kurekodi dakika chache palepale dukani, kisha adai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi.