Je, Setilaiti Huujua Msitu?

Ukisikia kwamba mtu fulani anasomea misitu katika chuo kikuu, bila shaka wamwona akilini akiwa na jembe na miche. Nami nilidhani vivyo hivyo, hadi likizo ya Agosti iliyopita nilipomtembelea dada yangu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa nchini. Nilimkuta katika maabara isiyo na hata jani moja. Kulikuwa na tarakilishi nane, nyaya chungu nzima, na vijana sita waliokodolea macho viwambo kama watu watazamao fainali ya kandanda. "Karibu msituni," akaniambia. Nikacheka. Kumbe hakuwa akifanya mzaha!

Wanaupima msitu wa Mau kwa picha za setilaiti. Wanaoongoza utafiti ni wahadhiri wao, lakini kazi ya sulubu, ile ya kuhesabu, kubofya na kwenda porini, ni ya hawa wa shahada ya kwanza. Hebu nikueleze inavyofanywa, kwani darasani kwetu (mwalimu wa jiografia aniwie radhi) tuliipitia mbio mbio tu.

Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa na Marekani mwaka 1972. Mbili zinazotumika maabarani humo, yaani Landsat 8 na Landsat 9, kila moja hurudi juu ya mahali pale pale baada ya siku 16. Picha zake zimegawanyika katika miraba midogo iitwayo pikseli, na kila mraba ni mita 30 kwa 30 huku ardhini. Yaani nyumba yenu, zizi na choo vyote vyaweza kumezwa na mraba mmoja. Tangu mwaka 2008 picha hizi hutolewa bure. La sivyo, dada yangu na wenzake wangezisikia redioni tu.

Sasa, setilaiti haioni mti. Inapima mwanga. Jani lililo hai hunyonya mwanga mwekundu ili lijitengenezee chakula, lakini hurudisha juu kwa wingi mwanga mwingine uitwao infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Wale vijana huchukua kipimo cha infraredi, wakatoa kile cha mwekundu, halafu wakagawanya kwa jumla ya vyote viwili. Jibu huwa kati ya -1 na 1. Likikaribia 1, basi hapo pana majani mabichi tele. Hesabu ya kawaida hiyo, wala si uchawi.

Taabu ni kwamba si kila kilicho kibichi ni msitu. Dada alinipa miraba 50 niipe majina: msitu, chai, nyasi au mahindi. Niliimaliza kwa nusu saa, kifua mbele. Alipoikagua, miraba 14 niliyoiita msitu ilikuwa chai! Kando ya misitu yetu kuna mikanda ya chai ya Nyayo iliyoanzishwa mwaka 1986 ili kuzuia watu wasizidi kuingia, nayo hung'aa kwa ubichi kuushinda hata msitu wenyewe. "Msitu una miti mirefu na mifupi, inatiana vivuli," dada akanifunza. "Picha yake ina giza giza. Chai ni laini kama zulia."

Ndiyo maana ni lazima watu waende kwa miguu. Wiki iliyofuata tukaabiri matatu hadi upande wa Kericho, kwa nyanya yetu, ambaye shamba lake limepakana na msitu. Wale vijana walinyosha kamba mita 30 kila upande, wakapima unene wa kila mti kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, wakaandika. Mvua ilitunyeshea, siafu nao hawakutusamehe.

Nyanya hakupendezwa hata kidogo. "Nyinyi ni watu wa serikali?" akauliza, mikono kiunoni. Nilitaka kucheka, lakini dada hakucheka. Mwaka 2009 watu walifurushwa kutoka sehemu hizi za Mau, na mwaka 2018 na 2019 wengine wakatolewa upande wa Narok. Kwa nyanya, mtu mwenye ramani ni mtu aliyekuja kukuhamisha. "Mkiandika shamba langu ni msitu, kesho nitalala wapi?"

Vijana sita wa chuo kikuu wakatazama viatu vyao.

"Kogo," dada akasema, maana hivyo ndivyo tumwitavyo, "sisi tunaandika tunachokiona tu."

"Na hiyo picha yenu inaona nini?"

Dada akaketi naye chini ya mwembe wa jikoni, ah, samahani, Kericho kuna baridi, ulikuwa mparachichi, akamfungulia tarakilishi ndogo. Picha moja ilikuwa ya miaka ya 80, nyingine ya juzi juzi. Penye kijani zamani na kahawia sasa, tarakilishi ilikuwa imepaka rangi nyekundu, maana yake: msitu uliokatwa. Nyanya aliutafuta mto kwa kidole, akaufuata hadi kwenye doa moja kubwa jekundu. Akaguna.

"Hapa? Hapa hapajawahi kuwa na mti tangu niolewe. Ni uwanda wa nyasi. Ng'ombe wetu walikuwa wakilamba chumvi hapa."

Kimya. Kisha mmoja akaangalia tarehe. Picha ya zamani ilipigwa baada ya mvua, nyasi zikiwa zimestawi. Ya karibuni ilipigwa Februari, kiangazi kikiwa kimezikausha. Hapakuwa na shoka wala msumeno. Asubuhi yake tukaenda kuhakikisha, nyanya akiwa mbele na mkongojo wake, na kweli, hatukuona hata kisiki kimoja.

Doa lile lilikuwa na miraba 40, karibu ekari tisa. Dada aliifuta yote usiku huo huo. Nyanya akataka kujua kama wameandika ni nani aliyewaambia. Dada akafungua daftari lenye matope, akamsomea jina lake, naye akaagiza lisomwe tena.